Roboti Inayogeuka Gari: Ukubwa, Ubora na Bei, na Sauti Aliyonayo Mnunuzi wa Tabora

Pesa za tumbaku zinapoanza kulipwa Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui, mizigo kutoka Kariakoo nayo huongezeka barabarani. Kwenye minada na magulio hupangwa sufuria, mablanketi, viatu, redio na simu. Pembeni, mara nyingi juu ya turubai, hupangwa midoli. Mmoja unaovuta macho ya watoto wengi ni roboti ya plastiki ambayo ukiikunja miguu na kugeuza mikono inakuwa gari, lori au ndege.

Mzazi akiuliza bei anatajiwa bei tatu tofauti kwa roboti zinazofanana rangi. Moja ni kubwa na bei yake ni ya chini. Nyingine ni ndogo na ni ghali. Muuzaji anasema zote ni orijino. Siku tatu baadaye mkono umekatika, mtoto analia, na pesa haipo.

Mpenzi msikilizaji, unaweza kusema hili ni jambo dogo, ni mdoli tu. Lakini swali lililo ndani yake ni lile lile tunalokutana nalo kwenye mbegu, betri ya sola, waya wa umeme na chaja ya simu: bidhaa imetoka mbali, hatumjui aliyeitengeneza, tunajuaje kama ina thamani ya pesa yetu? Roboti ni mfano mzuri wa kujifunzia, kwa sababu kuna watu duniani wamefanya kazi ya kuzilinganisha kwa miaka mingi.

Roboti hizi zimetoka wapi?

Aina iliyojulikana zaidi duniani inaitwa Transformers. Ilianza kuuzwa mwaka 1984 na kampuni ya Hasbro ya Marekani, lakini midoli yenyewe ilibuniwa Japani. Kampuni ya Takara ilikuwa tayari inauza roboti zinazogeuka magari, silaha na vifaa vya nyumbani katika mikusanyo yake ya Diaclone na Micro Change. Hasbro ikachukua midoli hiyo, ikaipa majina na hadithi mpya, na vibonzo vya televisheni vikaitangaza. Takara iliungana na kampuni ya Tomy mwaka 2006. Mwaka uliofuata ilitoka filamu kubwa ya kwanza ya Transformers, na baada ya hapo hata watoto wa vijijini kwetu wakaanza kuziona kwenye vibanda vya video.

Siku hizi sehemu kubwa ya midoli ya dunia hutengenezwa China. Wilaya ya Chenghai, katika mji wa Shantou jimboni Guangdong, inajulikana kwa viwanda vya midoli. Mji wa Yiwu, jimboni Zhejiang, una soko la jumla ambalo wafanyabiashara wa Tanzania wanalifahamu vizuri. Kutoka huko mzigo hupanda meli hadi Dar es Salaam, huingia Kariakoo, kisha huja kwetu kwa lori.

Kwa hiyo maneno "imetoka China" hayakuambii chochote kuhusu ubora. Iliyo nzuri na iliyo mbovu zinaweza kuwa zimetoka mji mmoja. Kinachotofautiana ni plastiki iliyotumika, usahihi wa kalibu ya chuma inayomiminiwa plastiki hiyo, na kama kuna mtu aliyekagua kabla ya kufunga boksi.

Ukubwa hudanganya

Wakusanyaji wa roboti hizi, hasa Marekani, Japani na Ulaya, hulinganisha mambo matatu: ukubwa, ubora na bei. Tuanze na ukubwa, kwa sababu ndio unaotudanganya zaidi.

Kampuni yenyewe hugawa roboti zake kwa madaraja ya ukubwa. Daraja linaloitwa Deluxe huwa na kimo cha takribani sentimita 14. Voyager hufika karibu sentimita 18. Leader huzidi sentimita 20. Bei hupanda kwa kufuata daraja. Mnunuzi akijua daraja, anajua bei iliyo ya haki.

Waigaji huchukua roboti ndogo iliyopendwa, wanaipima, wanaikuza, kisha wanaiuza ikiwa kubwa kuliko ile ya kwanza kwa bei ya chini. Ukiitazama dukani unaona umepata zaidi kwa pesa kidogo. Lakini kuna hesabu iliyojificha hapa, na anayefyatua matofali ataielewa mara moja.

Chukua tofali. Ongeza urefu wake mara mbili, upana mara mbili na kimo mara mbili. Tofali hilo jipya lina udongo wa matofali nane ya mwanzo, yaani uzito wake umeongezeka mara nane. Lakini ukilikata katikati, sehemu iliyokatwa ni kubwa mara nne tu. Ndivyo ilivyo kwa roboti iliyokuzwa bila kubuniwa upya. Uzito wa mkono unaongezeka haraka kuliko nguvu ya pini inayoushika begani. Matokeo yake ni mkono unaolegea, goti linalokunjika lenyewe, na pini inayokatika.

Viwanda vingine hukwepa uzito huo kwa kufanya plastiki iwe nyembamba na roboti iwe na uwazi ndani. Ikianguka mara moja kwenye sakafu ya saruji, inapasuka.

Hata watengenezaji wa asili walijifunza kwamba kubwa si lazima iwe bora. Mwaka 2003 Takara ilitoa roboti ya kiongozi wa hadithi hiyo, Optimus Prime, katika mkusanyo wa ghali unaoitwa Masterpiece. Ilikuwa kubwa na nzito, na ilikuwa na chuma kingi. Mwaka 2011 walitoa toleo jipya, dogo kuliko lile la kwanza. Wakusanyaji wengi walilipokea vizuri zaidi, kwa sababu liligeuka kwa urahisi na kimo chake kiliendana na roboti nyingine za mkusanyo huo.

Ubora unauona wapi?

Mkulima wa tumbaku anajua jambo ambalo mtu wa mjini halijui: majani mawili yanayofanana kwa mbali yanaweza kuwa ya madaraja tofauti kabisa. Mteuzi hutazama rangi, hugusa jani, huangalia madoa na mahali lilipochumwa kwenye mche. Mrina asali naye haridhiki na rangi. Huangalia uzito wake, harufu yake, na namna inavyotiririka. Macho na vidole hivyo hivyo vinatosha kupima mdoli.

Kwanza ni maungio. Shika mkono wa roboti, upandishe, kisha uachie. Ukibaki pale ulipouweka, ungio ni zuri. Ukianguka, litalegea zaidi. Ukikaza mno hadi plastiki inabadilika kuwa nyeupe pale inapokunjwa, hapo ndipo itakapovunjika.

Pili ni kingo. Pitisha kidole kwenye mistari ambako vipande viwili vimekutana. Kalibu nzuri huacha mstari mwembamba usiokwaruza. Kalibu iliyochoka huacha mabaki yenye ncha, na hayo hukata vidole vya mtoto.

Tatu ni harufu na rangi. Harufu kali ya kemikali si dalili njema. Kwangua rangi kidogo kwa ukucha. Ikitoka, mtoto ataila, maana watoto hutia kila kitu mdomoni.

Nne ni kugeuka kwenyewe. Mwombe muuzaji aigeuze mbele yako, kutoka roboti kuwa gari na kurudi. Akisema boksi halifunguliwi, unanunua picha iliyo juu ya boksi. Nyingine hazigeuki kabisa, hutenganishwa vipande na kupangwa upya, na vipande vikipotea mchezo umekwisha.

Tukumbuke pia kwamba jina kubwa si dhamana ya milele. Kuna plastiki ya rangi ya dhahabu iliyotumika kwenye baadhi ya roboti za asili mwishoni mwa miaka ya 1980, na wakusanyaji wanajua kwamba inavunjika kama biskuti baada ya miaka, hata kama mdoli haujachezewa. Jina linasaidia, lakini halichukui nafasi ya macho yako.

Bei: hesabu siku, usihesabu sentimita

Roboti ya asili ya daraja la Deluxe huuzwa Marekani kwa takribani dola 25. Kwa pesa yetu hiyo ni karibu shilingi 60,000 au zaidi, kabla ya usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18. Kwa hiyo ukikuta kwenye gulio boksi lenye jina hilo kubwa, na bei ni shilingi 5,000, huhitaji mtaalamu wa kukuambia. Haiwezekani ikawa ya asili.

Hata hivyo tusichanganye mambo mawili. Bidhaa bandia ni ile inayobeba jina au alama ya mtu mwingine ili ikudanganye, na mara nyingine hubadilisha herufi moja tu ya jina. Bidhaa ya bei nafuu isiyo na jina kubwa ni kitu kingine, na inaweza kuwa nzuri kabisa. Mzazi wa Igunga asiye na shilingi 60,000 ya mdoli hajafanya kosa lolote kununua ya bei ndogo. Anachohitaji ni kujua anachonunua.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme roboti ya shilingi 5,000 inadumu wiki mbili, na ya shilingi 12,000 inadumu miezi sita. Mtoto akinunuliwa ile ya kwanza mara tatu, mzazi ametumia shilingi 15,000 kwa wiki sita za mchezo. Akinunua ya pili, ametumia shilingi 12,000 kwa wiki zaidi ya 24. Rahisi imekuwa ghali. Lakini kama ya shilingi 12,000 nayo inadumu wiki mbili, basi bei kubwa haikununua chochote, na afadhali ya shilingi 5,000. Ndiyo maana bei haiwezi kusomwa peke yake. Lazima isomwe pamoja na siku ambazo kitu kitadumu.

Hatari isiyoonekana

Mdoli ukivunjika, hasara ya pesa si kubwa kama hatari inayotoka ndani yake. Roboti nyingi zina taa na sauti, na hizo huendeshwa na betri ndogo za duara kama za saa. Mtoto akimeza betri ya namna hiyo ikakwama kwenye koo la chakula, inaweza kuunguza nyama ya ndani kwa muda wa saa mbili tu. Dalili zake, kama kutokwa mate, kukohoa au kukataa kula, hufanana na za magonjwa ya kawaida, kwa hiyo mzazi anaweza kuchelewa kutambua.

Ukihisi mtoto amemeza betri, mwahishe haraka kwenye kituo cha afya au hospitali yenye eksirei. Usimtapishe. Hapa kuna jambo linalotuhusu sana sisi watu wa Tabora. Miongozo ya wataalamu wa sumu wa Marekani inashauri kwamba mtoto aliyezidi mwaka mmoja, anayeweza kumeza, na aliyemeza betri ndani ya saa 12 zilizopita, apewe asali vijiko viwili vya chai kila baada ya dakika kumi, isizidi mara sita, wakati mkiwa njiani kwenda hospitali. Asali hupunguza kasi ya kuungua. Haitoi betri wala haiponyi, na isikucheleweshe kuondoka nyumbani hata dakika moja. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali.

Sumaku nazo ni hatari. Mtoto akimeza mbili, zinavutana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa. Na vipande vidogo hukaba koo. Kipande kinachojificha chote chini ya kizibo cha soda ni kidogo mno kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu. Ukiona kwenye boksi duara lenye uso wa mtoto na namba 0-3 iliyokatwa kwa mstari, maana yake ni hiyo hiyo: si kwa walio chini ya miaka mitatu.

Rangi yenye madini ya risasi huathiri ubongo wa mtoto. Wala hili si tatizo la nchi maskini tu. Mwaka 2007 kampuni kubwa ya Mattel ya Marekani ililazimika kurudisha zaidi ya midoli milioni moja kwa sababu ya rangi ya namna hiyo.

Babu zetu walikuwa wagumu kudanganywa

Kuna watu husema mwananchi wa kijijini hana uwezo wa kuchagua, hupokea anacholetewa. Historia ya mji wetu inasema vingine.

Katika karne ya 19, Unyanyembe ilikuwa njia panda ya misafara kati ya Bagamoyo, Ujiji na nchi za Ziwa. Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, karibu na Tabora ya leo, Novemba 1857. Katika kitabu chake Burton aliandika kwamba shanga za biashara zilikuwa za aina zipatazo 400, kila moja ikiwa na jina lake na mahali pake pa kuuzia. Nyingi zilitengenezwa Venice, Italia.

Henry Morton Stanley, aliyepita Tabora mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, alieleza ugumu huo. Shanga nyeusi zilikubalika Ugogo, lakini kwingineko hazikuwa na thamani. Shanga kubwa zilizofanana na yai zilitakiwa Ujiji, na zilikataliwa kwengine. Mfanyabiashara aliyebeba rangi au ukubwa usiotakiwa alikuwa amebeba mawe. Na kila mzigo ulibebwa na mpagazi, kilo 30 na zaidi begani, kwa miezi mitatu, minne au zaidi kutoka pwani.

Nguo nazo zilikuwa hivyo hivyo. Mwaka 1833 Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Sultani Sayyid Said, na meli za mji wa Salem zikaleta Zanzibar pamba nyeupe isiyotiwa rangi. Watu waliipenda kwa sababu ilikuwa nzito na ilidumu, wakaiita merikani. Viwanda vya Uingereza vilijaribu kuiiga, lakini wanunuzi waliigusa, wakaifua, wakaona haidumu, wakaikataa. Ilikuwa mpaka vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya 1861 na 1865, vilipokatisha mzigo ndipo nguo za kutoka India zikapata nafasi kubwa. Nguo hizo zilipimwa kwa mikono, kwa shuka na kwa doti, na neno doti tunalitumia mpaka leo tukinunua kanga.

Tafakari maana yake. Mnyamwezi aliyekuwa Unyanyembe hakuwahi kuiona Massachusetts wala Venice, lakini kukataa kwake kulifika huko. Mwenye kiwanda alilazimika kubadilisha rangi ya shanga na uzito wa nguo, la sivyo mzigo ungerudi.

Nani analinda mnunuzi leo?

Leo tuna taasisi ambazo misafara haikuwa nazo. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1975, na sasa linafanya kazi chini ya Sheria ya Viwango ya mwaka 2009. Tangu 2012 lina utaratibu wa kukagua bidhaa katika nchi zinakotoka kabla hazijapakiwa. Tume ya Ushindani, FCC, husimamia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza kumpotosha mlaji, pamoja na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inayohusu bidhaa bandia. Alama ya CE unayoiona kwenye maboksi mengi ni ya Ulaya, na mara nyingi ni mtengenezaji mwenyewe anayeiweka. Haina maana kwamba TBS imekagua.

Lakini kontena ni kubwa na mdoli ni mdogo. Mkaguzi hawezi kusimama kwenye kila gulio. Na usafiri unazidi kurahisika. Reli ya zamani ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Barabara ya lami kupitia Manyoni na Itigi imefupisha safari. Treni ya SGR ilianza kubeba abiria mwaka 2024 hadi Morogoro na Dodoma, na mikataba ya vipande vya Makutupora hadi Tabora, Tabora hadi Isaka na Tabora hadi Kigoma imeshasainiwa.

Usafiri ukiwa rahisi, bei inaweza kushuka, lakini ubora haupandi wenyewe. Zamani gharama ya mpagazi ilimfanya mfanyabiashara aogope kubeba kitu kitakachokataliwa. Leo kubeba kitu kibovu hakumgharimu sana, kwa hiyo hofu hiyo imepungua. Kitu pekee kinachoweza kuirudisha ni mnunuzi anayekagua, anayeuliza, na anayekataa.

Ukienda kununua

Ijaribu roboti kabla ya kulipa, iwe imegeuzwa mbele yako. Hakikisha mfuniko wa betri umefungwa kwa skrubu, si kwa kubana tu. Kama hauna skrubu, acha. Uliza kama pini ikikatika ndani ya siku mbili utabadilishiwa, na mkubaliane mbele ya shahidi. Dai risiti, na kama muuzaji hana mashine, akuandikie jina, namba ya simu, tarehe na bei kwenye karatasi. Bila karatasi huna cha kuonyesha unapolalamika. Ukiuziwa kitu chenye jina la uongo au kilichomuumiza mtoto, usikitupe. Kihifadhi pamoja na boksi lake na utoe taarifa.

Na muuzaji, usidhani makala haya ni ya kukupiga vita. Wewe ndiye unayekwenda Kariakoo. Mwambie mwenye duka la jumla kwamba zile zilizolegea zimerudi zote, na kwamba wateja wako wa Nzega na Sikonge sasa wanafungua boksi. Maneno hayo yatasafiri hadi Yiwu kwa simu ndani ya dakika moja.

Mwisho, kuna watoto wetu wanaotengeneza magari kwa waya, maboksi na matairi ya ndala zilizochakaa. Gari hilo likivunjika, mtoto analitengeneza mwenyewe, kwa sababu anajua kila ungio lake. Mzazi asiye na pesa ya roboti msimu huu asione haya. Akitafuta waya na koleo, akakaa na mtoto jioni moja, mtoto huyo atajifunza kupima ungio mapema kuliko wengi, na siku moja atakapokwenda mnadani na pesa yake mwenyewe, haitakuwa rahisi kumuuzia boksi.